Usiuze Changarawe ya Shamba Lako Kabla ya Kuchimba Mashimo Tisa

Simama asubuhi kando ya barabara yoyote kubwa inayoingia Kigali. Hutakaa muda mrefu kabla ya kuona malori yaliyojaa mchanga, mawe na changarawe. Mji unajengwa, barabara za mitaa zinatengenezwa, na kila lori linalopita limebeba kipande cha kilima cha mtu.

Wenye mashamba pembezoni mwa mji, na hata vijijini karibu na kambi, hufuatwa na wanunuzi wanaotaka moramu au changarawe. Wakimbizi wengi nao hupata kibarua huko: kuchimba, kupakia, kuponda kokoto. Wengine wanajiuliza kama wanaweza kuungana na wenyeji wakafungua machimbo yao wenyewe, au kariyeri, kama tunavyozoea kuyaita hapa.

Makala hii ni kwa ajili yako, uwe mwenye shamba, mwanachama wa kikundi au kibarua. Tunaeleza jinsi ya kujua kilichopo chini ya ardhi, kiasi chake na ubora wake, kabla ya kukubali bei au kushika sururu. Ukikosea bei, utapoteza pesa. Ukikosea ardhi, unaweza kupoteza shamba lote, au mtu.

Anza ofisini

Hati ya ardhi inakupa haki ya kutumia shamba. Haikupi ruhusa ya kuchimba kwa biashara. Nchini Rwanda shughuli za kariyeri zinasimamiwa na sheria ya madini na kariyeri, na taasisi inayohusika ni Bodi ya Madini, Petroli na Gesi ya Rwanda, inayojulikana kwa kifupi kama RMB, yenye makao yake Kigali. Mambo ya mazingira yako chini ya REMA. Anayechimba na kuuza bila leseni anavunja sheria, hata kama shamba ni lake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haikugharimu zaidi ya nauli. Nenda kwenye ofisi ya sekta au ya wilaya ukiwa na namba ya kiwanja chako, yaani UPI. Uliza maswali matatu:

1. Kiwanja hiki kimepangiwa matumizi gani? Ndani ya Jiji la Kigali, yaani Nyarugenge, Gasabo na Kicukiro, kila eneo lina matumizi yake katika mpango mkuu wa jiji. Eneo la makazi, msitu au bonde la maji haligeuki kariyeri kwa sababu tu kuna mawe.
2. Ni leseni gani inahitajika kwa ukubwa wa kazi ninayofikiria, na inatolewa na nani?
3. Je, ninahitaji tathmini ya athari za mazingira?

Ikiwa unaishi kambini, kumbuka kwamba ardhi ya kambi si yako, wala si ya jirani yako. Usichimbe wala usiuze udongo wa kambi. Kinachowezekana ni kufanya kazi au kushirikiana na mwenye shamba nje ya kambi, kwa mkataba na kwa leseni.

Changarawe inakaaje chini ya ardhi?

Watu wengi wakiona changarawe kwenye ukingo wa barabara iliyokatwa, wanadhani kilima kizima ni changarawe. Mara nyingi sivyo. Katika eneo la Kigali na maeneo mengi ya Rwanda utakutana na aina tatu.

Ya kwanza ni moramu, udongo mwekundu wenye vijiwe vigumu vya rangi ya kutu. Imetokana na miaka mingi ya mvua na joto: maji yameosha madini mengine, chuma kikabaki na kugandisha udongo kuwa vijiwe. Hukaa kama tabaka, na tabaka hilo linaweza kuwa nene mahali pamoja na kutoweka hatua 20 mbele.

Ya pili ni changarawe ya mteremkoni. Juu ya vilima kama Mlima Kigali na Jali kuna jiwe gumu sana la kwatsaiti. Kwa muda mrefu jiwe hilo limekuwa likivunjika na vipande vyake kuteremka. Vikifika mahali ambapo mteremko unapungua ukali, vinatulia na kufunikwa na udongo. Ndiyo maana mkulima anaweza kulima miaka mingi juu ya changarawe bila kuijua.

Ya tatu ni mchanga na mawe ya mviringo ya mabondeni, kando ya mito kama Nyabarongo. Hii inaonekana safi na rahisi kuchota, lakini ndiyo yenye masharti makali zaidi, kwa sababu kuchimba kingo za mto kunaharibu maji na mashamba ya wote walio chini.

Aina zote tatu hazilali sawasawa kama ubao wa meza. Zinafuata mteremko, zinanenepa, zinakonda, zinakatika. Kwa hiyo shimo moja halikuambii chochote kuhusu shamba zima.

Uliza wachimba vyoo

Kabla ya kuchimba, tumia mashimo ambayo tayari yamechimbwa. Zungumza na watu waliochimba vyoo vya shimo, visima na misingi ya nyumba karibu na shamba. Waulize: Mlichimba urefu gani kabla ya kugonga mawe? Mawe yalikuwa makubwa au madogo? Maji yalitokea? Mwezi gani? Hawa ni watu wanaoijua ardhi ya mtaa wenu kuliko mtu yeyote.

Tembea pia kwenye mitaro, kingo za barabara na makorongo. Pima kwa futi unene wa udongo wa juu na unene wa tabaka la changarawe. Andika kwenye daftari, na uchore ramani ndogo hata kama ni ya mkono.

Mashimo ya majaribio

Sasa chimba. Kwa shamba dogo, mashimo tisa yanatosha kuanzia: mistari mitatu, kila mstari mashimo matatu, kutoka juu ya mteremko hadi chini. Kila shimo liwe na upana wa kama mita 1 kwa mita 1. Yape namba kabla ya kuanza.

Kwa kila shimo andika:

- unene wa udongo mweusi wa kulimia;
- unene wa udongo mwingine usiofaa uliopo juu ya changarawe;
- changarawe inaanzia wapi na inaishia wapi;
- kilichopo chini yake: mfinyanzi, mwamba au udongo mwingine;
- kama kuna maji au unyevu, na tarehe.

Tarehe ni muhimu. Shimo lililo kavu mwezi wa Julai linaweza kujaa maji mwezi wa Aprili. Ukichimba kiangazi, tafuta dalili za maji ya masika: udongo wenye mabaka ya kijivu, au majani yanayobaki mabichi wakati mengine yamekauka.

Tahadhari: mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaozidi tani moja na nusu. Ukuta wa shimo ukianguka, mtu aliye ndani hana nafasi ya kukimbia. Shimo likizidi kina cha kifua, usiingie tena bila kupanua kingo ziwe za mteremko au kuweka ngazi. Usichimbe peke yako hata siku moja. Udongo unaotoa uuweke mbali na ukingo, angalau hatua moja kubwa. Ukimaliza kupima, fukia shimo siku hiyohiyo. Mtoto au ng'ombe hajui kwamba lilikuwa la majaribio.

Hesabu inayoweza kukuokoa

Tuchukue mfano. Shamba lina mita 60 kwa mita 50, yaani mita za mraba 3,000. Mnunuzi anakuja, anachimba shimo moja juu ya mteremko na kukuta changarawe yenye unene wa mita 2. Mwenye shamba anapiga hesabu haraka: 3,000 mara 2 ni mita za ujazo 6,000. Anaona utajiri. Anakopa pesa, anawaahidi vibarua kazi ya mwaka mzima.

Sasa tuchimbe mashimo tisa kwenye shamba hilohilo. Mashimo sita ya mistari miwili ya juu yana changarawe, lakini unene wake kwa wastani ni mita 1.2. Mashimo matatu ya chini yana mfinyanzi mtupu.

Hesabu inabadilika hivi:

1. Eneo lenye changarawe ni theluthi mbili tu ya shamba, karibu mita za mraba 2,000.
2. Huwezi kuchimba hadi kwenye mpaka wa jirani. Ukiacha mita 5 upande wa juu na pande mbili za kando, linabaki eneo la karibu mita za mraba 1,400.
3. Mita za mraba 1,400 mara mita 1.2 ni mita za ujazo 1,680.
4. Toa sehemu 1 kati ya 5 kwa ajili ya kingo zenye mteremko, mawe makubwa mno na uchafu. Zinabaki kama mita za ujazo 1,340.
5. Changarawe ikichimbuliwa inavimba, kwa sababu hewa inaingia katikati ya mawe. Tukikadiria ongezeko la robo, tunapata karibu mita za ujazo 1,680 za kupakia.
6. Kwa lori linalobeba mita za ujazo 5, hiyo ni safari kama 336.

Kwa hesabu ya shimo moja, mwenye shamba angetarajia safari 1,500. Tofauti hiyo ni deni lisilolipika, na vibarua waliohama makazi kufuata kazi isiyokuwepo.

Usisahau udongo wa juu. Kama una unene wa sentimita 60, basi kwenye mita za mraba 1,400 kuna mita za ujazo 840 za kuhamishwa kabla ya kuuza hata beleshi moja. Nani atalipa kazi hiyo? Ikiwa udongo wa juu ni mnene kuliko changarawe yenyewe, machimbo ya mkono hayatalipa mara nyingi. Afadhali kulima.

Je, changarawe yenyewe ni nzuri?

Nzuri kwa kazi gani? Hilo ndilo swali la kwanza. Changarawe ya barabara na kokoto ya zege ni vitu viwili tofauti.

Changarawe ya barabara inahitaji mchanganyiko: vijiwe vigumu, mchanga, na mfinyanzi kidogo wa kushikanisha. Mfinyanzi ukizidi, barabara inateleza wakati wa mvua. Ukikosekana kabisa, mawe yanatawanyika na vumbi linaruka. Mawe yanayozidi kama sentimita 4 hayafai kwa tabaka la juu la barabara.

Kokoto na mchanga wa zege ni kinyume: vinatakiwa kuwa safi, bila mfinyanzi, kwa sababu mfinyanzi unazuia saruji kushika jiwe. Nyumba nyingi hupasuka kwa sababu ya mchanga mchafu.

Haya ni majaribio unayoweza kufanya nyumbani:

*Chupa ya maji.* Jaza mchanga hadi nusu ya chupa angavu. Ongeza maji na kijiko kidogo cha chumvi, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie kwa saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga. Kama unene wa tope unazidi sehemu 1 kati ya 12 ya unene wa mchanga, mchanga huo usitumike kwa zege bila kuoshwa.

*Kamba ya udongo.* Chekecha udongo laini, ulowanishe, uviringishe kwa kiganja uwe kamba nyembamba ya kama milimita 3. Ukitengeneza kamba ndefu yenye nguvu isiyokatika, mfinyanzi ni mwingi. Ukikatika mara moja, mfinyanzi ni mdogo.

*Nyundo na maji.* Gonga jiwe. Jiwe zuri linalia na kupasuka kwa shida. Jiwe bovu linasagika. Kisha loweka vijiwe usiku kucha. Vikilainika au kuyeyuka asubuhi, havitavumilia msimu mmoja wa mvua.

Majaribio haya yanakuambia kama inafaa kuendelea. Hayatoshi kumshawishi mkandarasi mkubwa. Yeye atataka matokeo ya maabara: mchanganuo wa ukubwa wa chembe, kipimo cha mfinyanzi, na kipimo kinachoitwa CBR, ambapo changarawe iliyoshindiliwa na kulowekwa inakandamizwa kwa chuma ili kuona inavyovumilia mzigo.

Sampuli ikusanywe kwa uaminifu. Kwangua ukuta wa shimo kutoka juu hadi chini ya tabaka, usichague mawe mazuri. Mwaga rundo kwenye turubai safi, lichanganye, ligawe mafungu manne, chukua mawili yanayotazamana, changanya tena. Rudia hadi upate gunia moja. Liandike namba ya shimo, kina na tarehe. Ukipeleka mawe mazuri tu, maabara itakupa jibu zuri, na lori la kwanza litarudishwa.

Panga kufunga kabla ya kufungua

Machimbo mazuri yanachimbwa kwa vipande. Ondoa udongo wa kulimia wa kipande cha kwanza, uweke pembeni peke yake. Huo ni mali, usiuchanganye na udongo mwingine. Toa changarawe. Ukifungua kipande cha pili, udongo wake usiofaa unajaza shimo la kwanza. Rudisha juu yake udongo wa kulimia, tengeneza matuta, panda majani ya tembo, yaani urubingo, na miti. Kwa njia hii shimo linalobaki wazi huwa dogo wakati wote, na kipande cha kwanza kinaweza kurudi kwenye mazao wakati cha mwisho kinachimbwa.

Chimba mfereji upande wa juu wa machimbo ili maji ya mvua yapite kando. Peleka maji hayo mahali penye majani au mawe ya kuyapunguza nguvu. Usiyaelekeze kwenye njia ya watu wala kwenye nyumba za chini.

Hili si jambo dogo katika nchi ya vilima. Mwezi Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 130, hasa katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Wengi wetu pia tunaikumbuka kambi ya Gihembe, wilayani Gicumbi. Maji ya mvua yalikata makorongo kwenye mteremko mwaka baada ya mwaka, hadi mwaka 2021 familia zikahamishiwa Mahama. Kama maji peke yake yanaweza kufanya hivyo, fikiria yanavyofanya yakipata shimo lililoachwa wazi juu ya nyumba za watu.

Kwa wanaofanya kazi ndani ya shimo

Ajali nyingi zinaanza kwa njia moja: watu wanachimba sehemu ya chini ya ukuta ili udongo wa juu uanguke wenyewe. Inaokoa nguvu, na inaua. Chimba kutoka juu kwenda chini, kwa ngazi, na kila ngazi isizidi kimo cha mtu. Baada ya mvua, mtu mmoja akague kingo kwanza. Ukiona ufa mpya juu ya ukuta, toka, hata kama lori linasubiri.

Wanaoponda kokoto wavae miwani na wafunike pua. Vumbi la mawe magumu ya kwatsaiti linaingia kwenye mapafu na halitoki. Lowanisha mawe kabla ya kuponda. Mtoto asiletwe kariyeri: sheria ya kazi ya Rwanda hairuhusu mwenye umri chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari.

Kubalianeni malipo kabla ya kuanza, kwa maandishi. Kama mnalipwa kwa lori, pimeni sanduku la lori: urefu mara upana mara kina. "Lori moja" linaweza kuwa mita za ujazo 5 au zaidi ya mara mbili yake, na anayepakia ndiye anayelipia tofauti hiyo kwa mgongo wake.

Maswali ambayo huulizwa

*Mimi ni mkimbizi. Naruhusiwa kufanya kazi hii?*
Ndiyo. Wakimbizi wana haki ya kufanya kazi Rwanda. Uwe na kitambulisho chako, na hakikisha kariyeri yenyewe ina leseni. Ikifungwa kwa kukosa leseni, malipo yako ya wiki nzima yanaweza kupotea.

*Tunaweza kuunda ushirika na wenyeji?*
Ulizieni ofisi ya sekta na Wakala wa Ushirika wa Rwanda, RCA, juu ya masharti ya kuandikishwa. Andikeni mapema nani anatoa ardhi, nani anatoa nguvu, na nani atalipia kufukia shimo.

*Mnunuzi anasema atapima mwenyewe, nisijisumbue. Nikubali?*
Mwache apime, lakini nawe pima. Anayejua kilichopo chini ya ardhi ndiye anayepanga bei.

*Nimepima, changarawe ni kidogo. Nimepoteza muda?*
Hapana. Umetumia siku chache na nguvu za watu wawili au watatu, ukaokoa shamba. Fukia mashimo, panda maharage. Daftari lako lihifadhi. Siku mnunuzi mwingine akija na maneno matamu, utamfungulia ukurasa na kumwonyesha shimo namba 7, 8 na 9.